Batri Mbili na Pumzi ya Mama: Kutoka Kasongo Mpaka Kabambare

Tangu tumerudi, kila anayesimama mezani kwangu sokoni ananiuliza swali lile lile: mulifikaje na mama mwenye mrija puani, na huko barabarani hakuna umeme? Nimekuwa nikisimulia huku nikipimia watu waya, na kila mtu ameondoka na kipande chake. Mama Aziza anadhani tulivamiwa Lusangi. Mwalimu Radjabu ameshika kwamba mama alikwenda kumwoza mjukuu. Basi naandika yote mara moja, mupeane wenyewe kwa wenyewe. Mambo ya vibali na karatasi za gari nayaruka. Yalikuwa marefu na hayana ladha.

Kwa asiyetujua vizuri: miye Zaina nauza plake, yaani paneli za jua, batri, taa na waya. Mama yangu, Sakina, alioka mikate ya mchele kwa kuni miaka mingi, na moshi ule umemla mapafu. Sasa anapumua kwa mashini ndogo ya oksijeni, yenye ukubwa wa ndoo, inayovuta hewa, inaichuja na kumpelekea kwa mrija mwembamba. Bila mashini anaweza kukaa nusu saa akiwa ametulia. Zaidi ya hapo midomo yake inabadilika rangi. Na mashini ile haili chakula kingine ila umeme, mchana na usiku.

Sababu ya safari ni mdogo wake, mjomba Yuma, anayekaa kijijini karibu na Kabambare. Jirani yake, Sumaili, alikuwa anadai sehemu ya shamba la mingazi, ile michikichi ya mawese, aliloliacha babu yangu. Wazee waliogawana mpaka wamekufa wote. Aliyebaki kati ya walioona ni mama, ambaye siku ile alikuwa msichana. Kapita, yaani mkuu wa kijiji, alisema hatasikiliza ushahidi wa simu. "Aliyeona aje asimame pale alipoona," ndivyo alivyotuma neno. "Asipokuja, nitagawa vile miye minaona."

Mjomba akapiga simu akilia. Mama akanitazama na kusema, "Weye si unauza umeme? Nipeleke."

Kasongo mpaka darajani

Gari ni jipe kuukuu la Amisi, mtoto wa mama yangu mdogo, anayebeba mizigo ya watu. Tulitoa mabenchi ya nyuma, tukaweka kitanda cha mbao, na chini ya kitanda batri mbili kubwa. Juu tulifunga plake mbili. Kati ya batri na mashini kulikuwa na konvertisa, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa batri uwe kama wa nyumbani. Hesabu yangu ilikuwa hivi: batri zikijaa, mashini itakwenda saa ishirini hata bila jua. Mchana plake zitajaza, na motere ya gari ikizunguka dinamo itasaidia. Barabara tuliipa siku mbili. Nilijiona nimemaliza kazi.

Mama alipopandishwa alipapasa godoro, akasema, "Mumenilaza juu ya batri kama kuku juu ya mayai." Kisha akauliza kama chakula kimo. Kilikuwemo: wali, sombe, samaki wa kukaushwa na mikate ya mchele, ambayo aliionja akasema haikuiva.

Mashimo yalianza mapema. Kabla ya saa sita mashini ikalia ile sauti yake ya kuonya. Nilipima batri, nikakuta moja imejaa na nyingine kama vile haipo. Tuliinua kitanda na mama akiwa juu yake, Amisi upande mmoja, miye mwingine. Kumbe mtikiso ulikuwa umelegeza kichwa cha waya. Ninawauzia watu batri kila siku, na kila siku ninawaambia wakaze vichwa vya waya. Mama alisikiliza nikijieleza kwa Amisi, akasema, "Kaza kwanza, utasema nyuma."

Tulipumzika chini ya miti mikubwa ili mama apate ubaridi. Hilo nalo lilikuwa kosa langu. Tawi moja likitupa kivuli juu ya kona ya plake, plake nzima inalegea. Tulikula wali wetu taratibu pale kivulini, tukaondoka na umeme mdogo kuliko tuliofika nao.

Alasiri tukafika kwenye mto mdogo. Lori lilikuwa limevunja magogo ya daraja, tairi za nyuma zimening'inia juu ya maji. Wenye lori walikuwa wanapika. Amisi aliwauliza watatoka lini. Mmoja akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye chungu, "Siye tuko hapa tangu juzi. Uliza daraja."

Siku mbili pale mtoni

Usiku ulipita vizuri. Asubuhi kulikuwa na mawingu, yale mazito ya rangi ya majivu, yaliyokaa siku nzima bila kusogea. Nilipanda juu ya jipe mara nne kufuta plake zilizokuwa safi.

Tulikuwa na njia moja nyingine, kuwasha motere na kuacha dinamo ijaze. Amisi alipima mazutu ndani ya tangi la gari kwa kijiti, akanionyesha alama. Kwake miye ni yaya, dada mkubwa. "Yaya Zaina, tukiwasha mpaka kesho, tutavuka daraja hatutafika mbele. Uchague." Tulichagua kuiwasha kwa muda wa saa moja asubuhi na muda kama huo jioni. Katikati nilikaa na kipimo changu mkononi, nikiangalia namba zinavyoshuka.

Mchana wanawake wa kijiji cha pale walikuja kumsalimia mgonjwa. Walikaa na mama, wakazungumza, wakautazama mrija sana. Baada ya muda wakarudi na uji wa muhogo kwenye birika, mwepesi kabisa, umechujwa kwa kitambaa. Mkubwa wao akaniambia kwa upole, "Tumeufanya kama maji, usizibe mule. Umumiminie polepole."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba walidhani mama analishwa kwa pua. Nilianza kueleza mambo ya hewa. Mama akanikatiza, akachukua birika, akamimina kwenye kikombe, akanywa mbele yao kikombe kizima. Wakatazamana. Yule mkubwa akasema, "Sasa kama anakunywa kwa kinywa, tungetia na karanga." Jioni wakaleta mwingine wenye karanga.

Siku ya pili mvua ikanyesha. Kabla ya saa nne niliona mama amelala kwa namna nisiyoipenda, kidevu kimeinama, vidole vina rangi ya wino. Mashini ilikuwa inanguruma kama kawaida. Nilipoangalia kitufe cha kupimia hewa, kilikuwa kimeshushwa mpaka karibu na mwisho. Nikakirudisha juu. Alipopata nguvu ya kusema nilimuuliza nani ameshusha.

"Miye."

"Tangu lini?"

"Tangu usiku. Nilitaka umeme ubaki."

Nilimsema vibaya, siwezi kuficha. Nilimwambia kwamba sikumtoa Kasongo nije kumzika kando ya lori la watu. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Tangu jana unaangalia kile kipimo kuliko unavyoniangalia miye. Nikafikiri mgonjwa wetu ni hicho, tukisaidie."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Amisi alinifuata. Alikuwa amekinga beseni safi chini ya mvua, maana maji ndani ya batri yalikuwa yamepungua kwa mtikiso. Tukaongeza maji yale ya mvua ndani ya batri, tukafuta vichwa vya waya. Ilikuwa kazi ya mikono na ilinisaidia. Kisha nikarudi ndani nikakaa karibu na kichwa cha mama, na kipimo nikampa Amisi.

Aliyetuokoa ni katekista wa kanisa la kijiji, anayeitwa Paulo. Wale wanawake wa uji walikuwa waumini wake, ndio waliompelekea habari. Alifika na baiskeli, na nyuma ya baiskeli batri imefungwa kwa kamba za mipira.

"Hii ni ya kinanda na ya kipaza sauti," alisema. "Imejaa tangu wiki iliyopita, hatujaigusa. Muiunganishe."

Nikamuuliza siku gani wanaihitaji. Akasema kesho, kwani kesho ni Jumapili. Nilimwambia siwezi kumwachia kanisa lake kimya.

"Mama, watu wa kwetu waliimba kabla kinanda hakijaja," akasema. "Mama yetu apumue kwanza."

Jumapili asubuhi tuliwasikia kutoka mtoni, ngoma na sauti tu. Mama, ambaye hajawahi kukosa kufunga mwezi wa Ramadhani mpaka ugonjwa ulipomkataza, aliomba tufungue mlango wa nyuma ili asikie vizuri. Mchana wanaume wa kijiji na wenye lori waliinua lile lori kwa magogo, wakapanga magogo mengine, tukavuka. Batri ya Paulo tulimrudishia ikiwa nusu. Alitazama kipimo, akasema jua likirudi litajaza, ndiyo kazi yake.

Lusangi

Kufika Lusangi jua lilikuwa limetoka, lakini batri zetu zilikuwa zimeshuka mno kwa plake mbili kuzinyanyua. Nilitafuta mtu mwenye plake nyingi, nikampata kijana mwenye kibanda cha kuchajia simu, Djuma, mwenye plake sita juu ya bati. Alikubali kutuunganisha. Tukaegesha jipe ubavuni mwa kibanda, mlango wa nyuma wazi, waya zinaingia ndani.

Sasa hapo ndipo yalipotokea yale ambayo Mama Aziza anayaita uvamizi. Lusangi watu wengi wanachimba dhahabu. Waliona gari geni limefika na mashini inayonguruma, ina taa ya kijani, ina mrija, na waya nene. Baada ya muda kulikuwa na wanaume kama ishirini, wenye udongo mpaka kwenye nyusi, wametuzunguka. Hawakuwa na fujo. Walisimama tu, wakawa wengi.

Mmoja mrefu akauliza, "Hiyo mashini iko ya nani?"

"Ya mama," nikasema.

"Inaona chini mpaka wapi?"

Sikuelewa. Nikasema haioni, inavuta hewa. Wakacheka kidogo, kile kicheko cha kutoamini. Mrefu akasema, "Walikuja wengine na mashini, wakasema wanapima maji. Siku ya pili wakarudi na karatasi, wakatutoa kwenye shimo letu. Sasa nyinyi muko munapima hewa."

Amisi alisogea akasimama mlangoni. Nilianza kueleza jinsi konvertisa inavyofanya kazi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kuamini kwamba ni kifaa cha kutafutia dhahabu. Djuma alisema kwa sauti ndogo kwamba pengine angetuchomoa, asije akaharibiwa kibanda.

Mama akagonga ubao wa kitanda. "Huyo mrefu aje hapa."

Alikuja, akainama mlangoni. Mama alimuuliza jina, akasema Kalume. Akamuuliza anakohoa tangu lini.

Kalume alisita. "Nani amesema minakohoa?"

"Nimekusikia ukiwa bado uko nyuma ya watu."

Mama akautoa mrija puani mwake, akaupangusa kwa upande wa kitenge, akampa. "Weka. Usiongee."

Niliangalia saa. Kalume alipiga magoti kwenye udongo, mrija puani, macho kwenye dari ya jipe. Alivuta, akavuta tena. Kifua chake kilikuwa na sauti ya mchanga kwenye ungo. Zilipita dakika tatu hivi, kisha akautoa mwenyewe na kumrudishia mama kwa mikono miwili.

Akageuka kwa wenzake. "Iko hewa tu," akasema. "Hewa ya baridi."

Walitawanyika polepole. Kalume alibaki mpaka jioni akiwazuia watu wasisimame mbele ya plake, maana nilikuwa nimemweleza habari ya kivuli, na hilo alilielewa mara moja. Tuliondoka kesho yake asubuhi na batri zimejaa kabisa, mara ya kwanza tangu Kasongo.

Kabambare na shamba la babu

Mjomba Yuma alitupokea barabarani. Ni mtu mwembamba, mwenye haraka, na alipomwona mama akiwa na mrija alijifunika uso kwa kofia. "Yaya, sikujua uko hivi," alisema. Nyumbani kwake tulikula bukari na majani ya muhogo kwenye mawese mapya, na mama alikula kuliko nilivyomwona akila mwezi mzima. Mjomba alikaa miguuni pake akimkumbusha mambo ya utotoni, na kila baada ya mambo mawili alirudi kwenye kijito. "Mpaka si uko kwenye kijito, yaya? Si unakumbuka baba alikuwa anasema kijito?" Mama alimjibu kwamba atasema akifika.

Shambani gari haliwezi kufika. Wanaume wanne walifunga kiti kwenye miti miwili, kama kipoyi, wakamkalisha mama na mashini mapajani. Batri moja na konvertisa tukazifunga kwenye baiskeli, Amisi akaisukuma nyuma, na katikati ukawa waya wa mita tatu. Kwa hiyo wabebaji hawakuweza kutangulia wala kuchelewa. Miye nilitembea kando nikiushika waya usinase kwenye majani. Tulipovuka kijito baiskeli iliteleza, waya ukachomoka, mashini ikanyamaza. Wabebaji wakasimama ndani ya maji mpaka magotini. Ilipowaka tena mama alisema, "Haya," na tukaendelea.

Kapita alikuwa tayari, mtu wa makamo mwenye daftari ambalo sikumwona akiliandika. Sumaili alikuwa upande mmoja na wanawe. Mjomba Yuma alisimama karibu na kijito, pale alipodai ndipo mpaka.

"Mama Sakina," kapita akasema, "tunakusikiliza."

Mama aliomba ashushwe. Alikaa kwenye kile kiti chini ya mingazi, akatazama muda mrefu. Kisha akasema kwamba siku ya kugawa mpaka, baba yake na baba yake Sumaili walisema miti inakufa na vijito vinahama, wazike kitu kisichohama. Wakazika chungu cha chuma kilichopasuka. Yeye ndiye aliyekibeba kichwani kutoka nyumbani, na kilimwachia masizi usoni, watu wakamcheka.

"Kiko wapi?" kapita akauliza.

Aliomba wambebe. Walimbeba, na sisi na baiskeli yetu nyuma. Hakuelekea kwenye kijito. Alipita mstari wa kwanza wa mingazi ya mjomba, wa pili, wa tatu, akazidi kupanda. Niliona mjomba anahesabu kwa midomo. Kwenye mstari wa nane, karibu na jiwe kubwa lenye bonde katikati, alisema, "Hapa. Chini ya upande wa jua kuzama."

Kapita alimpa mjomba Yuma jembe. Sijui kama alifanya hivyo kwa makusudi. Mjomba alichimba kwa nguvu mwanzoni, kama mtu anayetaka kuonyesha kwamba hakuna kitu. Udongo ulikuwa mwekundu, mzito. Kina kilipofika magotini jembe likagonga chuma. Alisimama. Kisha akapiga magoti na kuondoa udongo kwa mikono, akatoa kipande cha chungu, kimeliwa na kutu, mguu wake mmoja bado uko.

Alikishika bila kukiinua. "Yaya," akasema, "ungeweza kusema umesahau."

"Ningeweza," mama akasema.

Kapita akasema mpaka uko hapo kilipozikwa chungu, na maneno yameisha. Mistari minane ya mingazi ambayo mjomba ameipalilia tangu ujana wake ikawa ya Sumaili.

Jioni Sumaili alikuja na jogoo, amemfunga miguu vizuri. Mama alimwambia amrudishe. "Sikuja kwa ajili yako. Ungekuwa weye ndiye umevuka mpaka, ningesema vile vile." Sumaili akakaa kidogo, akaaga, akaondoka na jogoo wake. Mjomba hakurudi nyumbani mpaka tulipolala. Mkewe alitupikia, akatuhudumia, na hakutulaumu kwa neno lolote, lakini hakukaa nasi kula.

Kurudi

Tuliondoka asubuhi yenye jua kali. Plake zilifanya kazi vizuri, batri zilijaa, sikuwa na la kulalamikia. Mjomba Yuma hakuonekana. Mkewe alisema ametoka mapema. Mama aliuliza ameelekea wapi, mkewe akasema hakuaga. Mama akavuta kitenge akajifunika, na Amisi akawasha motere.

Nilijaribu kumwambia amefanya vema. Akasema, "Niache, Zaina. Yule nilimbeba mgongoni."

Saa tano tairi ikapasuka. Amisi alikuwa anafungua boliti tulipoona baiskeli inakuja nyuma yetu, mwendeshaji amesimama juu ya pedali, shati limelowa. Alikuwa mjomba. Kibuyu cha mawese kilikuwa kimefungwa nyuma. Aliiangusha baiskeli pembeni ya barabara, akapita mbele yangu bila salamu, akafika kwenye mlango wa nyuma na kushika ubao wa kitanda kwa mikono yote miwili. Hakuwa na pumzi ya kusema. Mama alimtazama, akanyoosha mkono kuelekea mrija kama anataka kumpa, na mjomba akautikisia kichwa.

Habari ya shamba hakuitaja. Ya chungu hakuitaja. Alisubiri kifua chake kitulie.

"Unapumua, yaya?" akauliza.

"Minapumua," mama akasema. "Panda ukae."

Akapanda, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, na Amisi akaacha kufungua boliti, ili wakae bila haraka.